Akiba ya elimu ya mtoto: Mlango wa nafuu ya kodi hufungwa mapema

KILA mwaka matokeo ya mitihani ya kitaifa yanapotangazwa, furaha na fadhaa huingia nyumbani kwa mlango mmoja. Mtoto amefaulu, majirani wamekuja kutoa pongezi, kisha barua ya mwaliko wa kujiunga na shule au chuo inafunguliwa na orodha ya malipo inasomwa. Ndipo ng'ombe anapotolewa zizini, kipande cha shamba kinapotafutiwa mnunuzi na kadi za mchango zinapoanza kusambazwa kwa jamaa na marafiki.

Mzazi wa aina hiyo hakukosa mapenzi kwa mwanawe. Mara nyingi hata pesa hakuzikosa kabisa, kwa kuwa zilipita mikononi mwake mwezi baada ya mwezi kwa miaka mingi. Alichokosa ni muda. Gharama iliyojulikana tangu siku mtoto alipozaliwa ilimfikia kana kwamba ni dharura, naye akalazimika kuikabili kwa mali ambayo haitarudi.

Ni kweli kwamba serikali imebeba sehemu ya mzigo huu. Elimu ya msingi bila malipo katika shule za umma ilirejeshwa Januari 2003, na ruzuku ya masomo ya sekondari za kutwa ikafuata 2008. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, Helb, iliundwa kwa sheria mnamo 1995 ili kuwakopesha wanafunzi wa vyuo. Hata hivyo, gharama za bweni, sare, nauli, malazi na chakula hubaki kwa familia. Nao utaratibu wa ufadhili wa vyuo vikuu hubadilika. Mfumo mpya ulioanzishwa 2023, ambao hupanga misaada kulingana na uwezo wa kila familia, ulipingwa mahakamani huku wanafunzi wakiwa tayari wamo madarasani. Mtoto aliyezaliwa leo ataingia chuoni chini ya mfumo ambao hakuna anayeujua.

Sheria za kodi nchini humpa mzazi msaada fulani akiweka akiba mapema. Msaada huo si mkubwa na una masharti. Sharti zito kuliko yote ni la muda, na ndilo wazazi wengi hulitambua wakati ambapo haliwezi tena kutimizwa.

Miaka ndiyo mtaji

Kabla ya kuzungumzia kodi, yafaa kutazama hesabu inayomfaa kila mzazi, awe anatozwa kodi au hatozwi.

Chukulia mzazi anayeweka Sh2,000 kila mwezi tangu mwezi ambao mtoto amezaliwa hadi atimize miaka 18. Chukulia pia kwamba akiba hiyo inapata faida ya asilimia nane kwa mwaka baada ya makato yote, na kwamba faida haiguswi bali huongezwa juu ya mtaji kila mwezi. Katika miaka hiyo 18 mzazi atakuwa ametoa Sh432,000 mfukoni mwake. Akiba itakuwa imefikia takriban Sh960,000. Zaidi ya nusu ya fedha hizo hazikutoka kwenye mshahara wala kwenye biashara. Zilizaliwa na miaka.

Mzazi mwingine anaanza mtoto akiwa na umri wa miaka kumi, akitaka kufikia kiasi kile kile. Yeye atalazimika kuweka takriban Sh7,170 kila mwezi, na jumla itakayotoka mfukoni mwake itakuwa karibu Sh688,000. Wa tatu anangoja hadi mtoto awe na miaka 14. Huyo atahitaji zaidi ya Sh17,000 kila mwezi kwa miaka minne, na atatoa karibu Sh818,000 yeye mwenyewe. Watoto wote watatu watapata kiasi sawa, lakini mzazi wa tatu atakuwa amelipa karibu maradufu ya alicholipa wa kwanza. Wahenga walisema kwamba chelewa chelewa utampata mwana si wako. Katika hesabu hii, achelewaye hulipia elimu ya mwanawe kwa bei isiyo yake.

Hata hivyo, ni lazima mfumuko wa bei utajwe. Lengo la Serikali ni kuuweka mfumuko huo baina ya asilimia 2.5 na asilimia 7.5, kati yake ikiwa asilimia tano. Bei zikipanda kwa asilimia tano kila mwaka, huduma inayogharimu Sh100,000 leo itagharimu karibu Sh240,000 baada ya miaka 18. Kwa kipimo hicho, zile Sh960,000 zitakuwa na uwezo wa kununua kile ambacho karibu Sh400,000 hununua leo. Kiasi hicho bado ni cha maana, lakini mzazi asidanganywe na wingi wa tarakimu. Tena, pesa zilizofichwa chini ya godoro, au zilizolala katika akaunti isiyo na riba ya maana, hazibaki palepale. Hupungua.

Wazo lilikotoka

Wakenya wengi wenye jamaa ughaibuni wamesikia habari za akaunti maalumu za elimu ambazo serikali za huko huzipa nafuu ya kodi. Inafaa kueleza zilivyo, kwa sababu zinaonyesha kile ambacho Kenya inacho na kile ambacho haina.

Nchini Marekani akaunti inayojulikana zaidi huitwa 529, jina lililotokana na kifungu cha sheria ya kodi kilichopitishwa 1996. Mzazi huweka fedha ambazo zimekwisha kutozwa kodi ya serikali kuu. Fedha hizo huwekezwa, na tangu 2002 faida yake haitozwi kodi ya serikali kuu iwapo itatumiwa kulipia elimu inayotambuliwa na sheria. Zikitumiwa kwa jambo lingine, faida hutozwa kodi ya kawaida na kuongezewa adhabu ya asilimia kumi. Mwenye akaunti anaweza kumbadilisha mnufaika na kumweka mtu mwingine wa familia. Mkenya aishiye huko anayenuia kumsomesha mtoto nyumbani hana budi kuhakikisha kwanza kwamba chuo kinachokusudiwa kimo katika orodha ya vyuo ambavyo wanafunzi wake hukubaliwa kupata misaada ya masomo ya serikali ya Marekani, kwa sababu vyuo vingi vya nje havimo.

Canada ilichukua njia ya kuongezea akiba yenyewe. Serikali ya nchi hiyo huongeza asilimia 20 juu ya dola 2,500 za kwanza ambazo mzazi huweka kwa mwaka, yaani dola 500, hadi mtoto apate jumla ya dola 7,200 katika maisha yake.

Uingereza nayo ilianzisha hazina kwa kila mtoto aliyezaliwa kati ya Septemba 1, 2002 na Januari 2, 2011. Watoto wengi walipewa pauni 250 za kuanzia, na wa familia maskini wakapewa zaidi. Mpango huo ulisitishwa na mahali pake pakachukuliwa na akaunti ya watoto isiyotozwa kodi, iliyoanza Novemba 2011. Vijana wa kwanza walifikisha umri wa kuchukua fedha zao Septemba 2020. Jambo la kusikitisha ni kwamba mamia ya maelfu ya akaunti hizo zilibaki bila kudaiwa, kwa sababu wenyewe hawakujua kwamba zipo au hawakujua zilipo. Funzo hilo linaihusu Kenya pia, kama itakavyoonekana.

Kinachopatikana Kenya

Kenya haina akaunti ya elimu ya namna hiyo. Hakuna mahali ambapo mzazi anaweza kuweka fedha kwa jina la elimu na faida yake ikasamehewa kodi kwa sababu hiyo pekee. Kuna njia mbili ambazo sheria ya kodi ya mapato inazifungua kwa malengo mengine mapana, na ambazo mzazi anaweza kuzielekeza kwenye elimu. Ya kwanza ni nafuu ya kodi kwa malipo ya bima. Ya pili ni hatifungani za miundombinu.

Nafuu ya bima ndiyo inayoitaja elimu waziwazi. Mkazi wa Kenya anayelipia bima ya maisha yake, ya mwenzi wake wa ndoa au ya mtoto wake hupunguziwa kodi kwa kiasi cha asilimia 15 ya malipo anayoyatoa. Nafuu hiyo haiwezi kuzidi Sh5,000 kwa mwezi, yaani Sh60,000 kwa mwaka. Bima ya elimu imo katika mpango huu, mradi muda wake wa kukomaa uwe miaka kumi au zaidi. Fedha zitakazolipwa mwishoni ni lazima zilipwe nchini Kenya na kwa sarafu ya Kenya, kwa hivyo bima iliyokatwa ng'ambo kwa dola haihesabiwi.

Nafuu hii hupunguzwa kutoka kwa kodi yenyewe, wala si kutoka kwa mshahara kabla ya kodi kukokotolewa. Mzazi anayelipia bima ya elimu Sh5,000 kwa mwezi hulipa Sh60,000 kwa mwaka. Asilimia 15 ya kiasi hicho ni Sh9,000, na hizo ndizo zinazoondolewa kwenye kodi yake. Kwa mwezi ni Sh750.

Mwajiriwa hupata nafuu hiyo kwa kumkabidhi mwajiri cheti kutoka kwa kampuni ya bima, ili hesabu ya kodi ya kila mwezi irekebishwe. Asiyefanya hivyo anaweza kuidai katika taarifa ya kodi ya mwaka, ambayo huwasilishwa kwa Mamlaka ya Ushuru, KRA, kabla ya Juni 30 ya mwaka unaofuata. Wapo watu ambao wamelipia bima kwa miaka mingi bila kuidai nafuu hii hata mara moja. Kampuni ya bima haiwadai kwa niaba yao, na mwajiri hawezi kukisia.

Jambo jingine husahauliwa hata na wale wanaoidai. Nafuu haiingii katika akiba ya mtoto. Huonekana kama ongezeko dogo kwenye mshahara wa mwezi, nalo huliwa pamoja na mshahara. Mzazi akizitenga zile Sh750 kila mwezi na kuziweka mahali panapozaa asilimia nane kwa mwaka, baada ya miaka 15 atakuwa ametenga Sh135,000 na kupata karibu Sh260,000. Asipozitenga, nafuu ya kodi itakuwa imeusaidia mkoba wa matumizi ya nyumbani, na si elimu.

Hesabu ya umri

Sharti la miaka kumi ndilo linaloamua nani atanufaika. Mtoto anayetarajiwa kuingia chuoni akiwa na miaka 18 anahitaji bima iliyoanza kabla hajapita miaka minane. Ikianza akiwa na miaka kumi, itakomaa akiwa na miaka 20, wakati ambapo amekwisha kutumia miaka miwili chuoni kwa fedha za kuombaomba. Ikiwa lengo ni gharama za shule ya upili, ambazo huanza mtoto akiwa na takriban miaka 15, basi mkataba ulipaswa kuanza kabla hajatimiza miaka mitano.

Kwa maneno mengine, mlango wa nafuu hii hufungwa wakati ambapo mzazi wa kawaida hajaanza hata kuwazia chuo. Bima ya elimu ya miaka mitano au minane huuzwa sokoni, na yaweza kuwa na faida zake, lakini kwa bima ya elimu yenye muda mfupi kuliko miaka kumi mzazi asitarajie nafuu ya kodi. Anayeshawishiwa na wakala kwamba kila bima ya elimu hupunguza kodi aombe aonyeshwe muda wa kukomaa katika mkataba wenyewe kabla ya kutia sahihi.

Mkataba ukivunjwa

Sheria iliyotoa nafuu imeweka pia namna ya kuirudisha. Bima ikivunjwa kabla ya kukomaa, nafuu yote ambayo mwenye bima alipewa hukatwa kutoka kwa kiasi anachorejeshewa, na kampuni ya bima huiwasilisha kwa KRA.

Chukulia mzazi wa awali aliyelipa Sh60,000 kwa mwaka. Baada ya miaka sita anapoteza kazi na kuamua kuvunja mkataba. Amelipa jumla ya Sh360,000 na kupata nafuu ya Sh54,000. Kiasi ambacho kampuni itamrejeshea hufuata jedwali la mkataba. Katika miaka ya mwanzo ya bima nyingi, kiasi hicho huwa chini ya jumla ya malipo, na katika miaka ya kwanza kabisa huenda pasiwe na chochote cha kurejeshwa. Juu ya hasara hiyo, zile Sh54,000 zitakatwa. Nazo Sh54,000 zilikwisha kuliwa zamani, mia saba na hamsini kila mwezi.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza la mzazi lisiwe ni kiasi gani anachoweza kulipa mwezi huu. Liwe ni kiasi gani anachoweza kulipa katika mwezi mbaya kuliko yote ya miaka kumi ijayo, mwezi wa ugonjwa, wa msiba au wa kukosa kazi. Bima ya Sh2,000 iliyofika mwisho humfaa mtoto kuliko ya Sh10,000 iliyovunjika njiani. Palipo na nafasi ya kuchagua, ni bora kuanza na kiasi cha chini na kuweka ziada katika akiba nyingine isiyofungwa.

Aliyekwisha kuingia katika mkataba na akashindwa kuendelea asikimbilie kuuvunja. Mikataba mingi, baada ya miaka michache ya malipo, humruhusu mwenye bima kusimamisha malipo na kuacha kiasi kilichopungua kikingoja tarehe ya kukomaa. Mingine humruhusu kukopa kwa dhamana ya bima yenyewe. Masharti hayo yamo katika hati ya bima, na ofisi ya kampuni inawajibika kuyaeleza mteja anapouliza.

Bima ina jambo moja ambalo akiba nyingine hazina. Mzazi akifariki, au akipata ulemavu wa kudumu pale ambapo mkataba unasema hivyo, malipo ya baadaye husamehewa na mtoto bado hupata fedha zilizoahidiwa. Kinga hiyo hugharimiwa na sehemu ya malipo ya kila mwezi, na ndiyo sababu faida ya bima kama akiba mara nyingi huwa ndogo kuliko ya hatifungani. Anayenunua bima ya elimu ananunua vitu viwili kwa wakati mmoja, kinga na akiba. Ni vyema ajue hivyo, asije akalalamika baadaye kwamba jirani aliyenunua hatifungani amepata zaidi.

Hatifungani za miundombinu

Serikali hukopa kwa wananchi kwa kuuza hatifungani, ambazo wengi huziita bondi. Riba ya hatifungani za kawaida hutozwa kodi kabla ya kumfikia mwenyewe: asilimia 15 kwa zile za muda ulio chini ya miaka kumi, na asilimia kumi kwa za miaka kumi na zaidi. Hatifungani za miundombinu, zilizoanza kuuzwa Februari 2009 ili kugharimia barabara, umeme na maji, zimekuwa zikiuzwa kwa sharti kwamba riba yake haitozwi kodi. Sharti hilo huandikwa katika waraka wa mauzo wa kila hatifungani, na mnunuzi hana budi kuusoma, kwa sababu pendekezo la kutoza riba hiyo limewahi kuletwa Bungeni.

Tofauti ya kodi huonekana ndogo katika mwaka mmoja na kuwa kubwa katika miaka mingi. Sh100,000 zikizaa asilimia 12 kwa mwaka bila kodi, na faida yote ikawekezwa upya kila mwaka, zitakuwa karibu Sh547,000 baada ya miaka 15. Zikikatwa kodi ya asilimia 15 juu ya riba ya kila mwaka, zitakuwa karibu Sh429,000. Pengo ni Sh118,000, nalo limezidi mtaji wa kuanzia.

Hesabu hiyo inategemea jambo moja ambalo hatifungani yenyewe haimfanyii mwenyewe. Riba hulipwa kila baada ya miezi sita moja kwa moja katika akaunti ya benki. Ikifika huko na kutumiwa kununulia vitu vya Krismasi, hesabu ya miaka 15 inavunjika. Anayekusudia elimu aamue mapema mahali ambapo riba itapelekwa kila inapolipwa. Baadhi ya hatifungani hizi pia hurejesha mtaji kwa awamu kabla ya tarehe ya mwisho, na fedha hizo nazo zinahitaji makao mapya.

Kikwazo kikuu ni kiwango cha kuingilia. Hatifungani za kawaida huanzia Sh50,000, na za miundombinu zimekuwa zikianzia Sh100,000 mara nyingi. Mnamo 2017 serikali ilijaribu kuondoa kikwazo hicho kwa M-Akiba, hatifungani ya miaka mitatu iliyouzwa kwa simu kuanzia Sh3,000 na kulipa riba ya asilimia kumi isiyotozwa kodi. Ilionyesha kwamba mwenye kipato kidogo angeweza kuikopesha serikali, ingawa haikugeuka kuwa akiba ya kudumu ya elimu. Tangu 2023 mwananchi anaweza kufungua akaunti ya hatifungani katika Benki Kuu ya Kenya kwa mtandao wa DhowCSD bila kufika ofisini.

Riba nayo hupanda na kushuka. Hatifungani ya miundombinu ya Februari 2024 ilitoa zaidi ya asilimia 18 kwa mwaka, kiwango kilichowavutia wengi, lakini viwango vya riba nchini vilishuka baadaye. Anayepanga elimu ya mtoto asijenge hesabu yake juu ya mwaka mmoja wa neema. Tena, anayehitaji fedha kabla ya muda hulazimika kuuza hatifungani katika Soko la Hisa la Nairobi, na bei ya siku hiyo huenda ikawa chini ya ile aliyonunulia.

Akiba zinazotozwa kodi

Kukosa nafuu ya kodi si sababu ya kuiepuka akiba. Hazina za soko la fedha, ambazo huwakusanyia watu wengi fedha zao na kuzikopesha serikali na benki kwa muda mfupi, hupokea hata mia chache za shilingi. Faida yake hukatwa kodi ya asilimia 15, lakini fedha hupatikana kwa siku chache na hakuna mkataba wa kuvunja. Ndiyo njia ifaayo kukusanyia zile Sh100,000 za hatifungani, au kuhifadhia riba ya miezi sita. Mzazi ahakikishe kwamba kampuni inayoendesha hazina ina leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na akumbuke kwamba fedha hizo hazimo katika ulinzi wa akiba za benki, ambao tangu 2020 hufikia Sh500,000 kwa kila mteja wa benki.

Sacco ni shule ya zamani ya akiba kwa walimu, wakulima, wahudumu wa matatu na wafanyakazi wa serikali. Gawio la hisa hutozwa kodi ya asilimia tano tu, na mwanachama mara nyingi anaweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yake kulipia karo. Lakini akiba iliyowekwa kuwa dhamana ya mkopo haiwezi kutolewa hadi mkopo ulipwe, na mzazi anayekopa kila muhula kulipia karo haweki akiba tena. Analipa deni.

Kwa mama mboga, fundi wa jua kali au mkulima mdogo ambaye hatozwi kodi ya mapato, nafuu ya bima haina maana, kwa kuwa hakuna kodi ya kupunguzwa. Akishawishiwa kununua bima ya elimu kwa sababu ya kodi, anauziwa kitu ambacho hatakipata. Kwake bima ipimwe kwa kinga yake pekee, na akiba yake iwe mahali penye gharama ndogo na uhuru wa kuongeza msimu wa mavuno na kupunguza msimu wa ukame.

Akiba isipojulikana

Funzo la Uingereza linarudi hapa. Nchini Kenya, fedha ambazo wenyewe hawakuzidai kwa muda uliowekwa na sheria huhamishiwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, iliyoundwa chini ya sheria ya 2011. Miongoni mwazo mna akiba za benki, gawio la hisa na malipo ya bima. Baadhi ni za wazazi waliofariki bila kumwambia mtu kwamba waliweka. Mwenyewe au mrithi wake bado ana haki ya kuzidai, lakini madai huhitaji hati na muda, na mtoto anayesubiri kuripoti chuoni hana muda.

Kila akiba ya mtoto na iandikwe katika karatasi moja: jina la kampuni au Sacco, nambari ya mkataba, tarehe ya kuanza, tarehe ya kukomaa na jina la mnufaika. Mtu wa pili katika familia ajue karatasi hiyo iko wapi. Mnufaika aliyeandikwa miaka kumi iliyopita atazamwe upya baada ya kila ndoa, talaka, kifo au kuzaliwa kwa mtoto mwingine. Na kila mwezi Juni, kabla ya taarifa ya kodi kuwasilishwa, cheti cha bima kitafutwe na nafuu idaiwe.

Mzazi wa mtoto wa mwaka mmoja bado ana njia zote mikononi mwake. Wa mtoto wa miaka saba ana mwaka mmoja wa kuamua kuhusu bima ya miaka kumi kwa ajili ya chuo. Wa mtoto wa miaka 13 amekwisha kukosa nafuu hiyo, lakini hajakosa miaka mitano, na Sh2,000 kwa mwezi katika miaka mitano kwa faida ya asilimia nane ni karibu Sh147,000. Hazitoshi kumaliza chuo. Zinatosha kumfikisha mtoto mlangoni, na ng'ombe akabaki zizini.